Miche yangu ya mninga imekauka yote: je, niing'oe?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Urambo, mkoani Tabora. Mvua za mwaka jana zilipoanza nilipanda mbegu za mninga nyuma ya nyumba. Nyingi hazikuota. Zilizoota zilifika urefu wa shibiri hivi, zikapendeza, lakini ilipofika Juni majani yalikuwa ya njano, na sasa Agosti vishina vimekauka mpaka chini, ingawa nilikuwa namwagilia. Jirani ananishauri niing'oe nichomeke matawi, eti mninga huota kwa tawi. Vijana wangu wao wanataka tupande mikaratusi. Nifanyeje? Na kweli mninga unaweza kuoteshwa nyumbani?

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Tafadhali usiing'oe. Kwa jinsi ulivyoeleza, sehemu kubwa ya miche hiyo huenda iko hai. Imefanya kile ambacho mninga mchanga hufanya porini kila kiangazi: huacha kishina kife, hubaki na mzizi, hungoja mvua.

Jihakikishie mwenyewe kabla ya kunisadiki. Chagua mche mmoja, fukua udongo pembeni yake kwa kijiti au kwa vidole, si kwa jembe. Kishina kitavunjika kikavu, hilo lisikutie hofu. Shuka taratibu hadi kina cha vidole vinne au vitano. Hapo utaukuta mzizi umevimba, mnene kuliko kishina kilivyowahi kuwa, mfano wa kihogo kichanga. Kwaruza ganda lake kidogo sana kwa ukucha. Ukikuta unyevu na rangi mbichi chini ya ganda, mche uko hai. Ukikuta pakavu na kahawia, au panateleza na kutoa harufu ya kuoza, huo umekufa. Rudisha udongo, ushindilie kidogo, na miche mingine uiache bila kuigusa. Mmoja au miwili inatosha kukuonyesha hali ya kitalu kizima.

Sababu ya tabia hii ipo katika mazingira ulipo. Kwenu mvua huanza karibu na Novemba na kukata karibu na Aprili au Mei. Baada ya hapo ni miezi mingi ya ukavu, nyasi zinakuwa majivu kila moto unapopita, na mche wenye majani mororo ungepoteza maji yake yote kabla ya Septemba. Mninga umezoea maisha hayo. Katika msimu wa mvua majani hutengeneza chakula, na badala ya kukitumia kurefuka, mche hukishusha chini na kukiweka akiba kwenye mzizi mkuu. Kiangazi kikibana, kishina huachwa kikauke. Mvua zikirudi, chipukizi jipya hutoka shingoni mwa mzizi, pale unapokutana na uso wa ardhi, kwa kawaida likiwa na nguvu kuliko la mwaka uliopita. Kisha nalo hukauka. Hali hiyo hujirudia miaka kadhaa. Porini inaweza kufika miaka kumi, na mahali penye moto na kivuli hata zaidi. Hatimaye unafika mwaka ambao mzizi umekuwa mkubwa na umeshuka kina cha kutosha, chipukizi linatoka nene, linapita kiangazi likiwa hai, na kuanzia hapo mti unapanda juu kwa kasi ambayo hukuitarajia. Mtafiti S. B. Boaler, aliyeichunguza ikolojia ya mninga nchini Tanzania na kuchapisha kazi yake mwaka 1966, aliieleza hatua hii zamani hizo. Ajabu ni kwamba mpaka leo wapandaji wengi hawajaambiwa.

Ninalisema hili kwa uchungu, maana mininga mingi ya majumbani hufia hapa. Mtu anahangaika kupata mbegu, anaziotesha, anazitunza, Julai inafika anaona vijiti vikavu, anatupa. Au anaacha eneo bila alama, Oktoba anapoandaa matuta jembe linakata mizizi iliyokuwa imelala. Miche hiyo haikuuawa na ukame.

Kuhusu kumwagilia: maji yako hayakuyaokoa majani kwa sababu mche haukuwa unalalamika kiu tu, ulikuwa unafuata msimu wake. Mche ulioko kwenye kiriba, yaani mfuko wa kuoteshea miche, ambao mizizi yake haina pa kwenda, unahitaji maji kidogo kiangazi ili udongo usikauke kabisa. Mche ulioko ardhini na ambao umekwisha kukauka juu, mimi nisingeumwagilia. Mninga hauvumilii udongo unaotuama maji, na mzizi uliolala kwenye tope huoza kimyakimya. Kama ulikuwa unamwaga ndoo kila jioni mpaka mwezi huu, acha sasa, na ufukue miche miwili badala ya mmoja ili uone kama kuna uozo.

Sasa mbegu, kwa sababu umesema nyingi hazikuota, na nadhani najua kilichotokea. Ulizika tunda zima. Tunda la mninga unalijua: duara bapa lenye upana wa kiganja hivi, bawa jepesi kama karatasi pembeni, na katikati kifundo chenye miiba myembamba iliyosimama. Wengi huita kitu hicho chote mbegu, lakini mbegu yenyewe iko ndani ya kile kifundo, kwa kawaida moja au mbili, na ganda la kifundo ni gumu kweli. Ukilifukia zima, maji huchelewa kuingia, chipukizi hukosa pa kutokea, na mchwa nao wako kazini. Porini ni matunda machache sana yanayofanikiwa kutoa mche. Mti wenyewe hufidia kwa kuangusha mengi. Wewe mwenye kikapu kimoja huna anasa hiyo, kwa hiyo ni lazima uitoe mbegu.

Kazi hii inataka subira na mwanga mzuri. Kata bawa lote kwa mkasi au panga kali ubaki na kifundo. Ondoa miiba: wapo wanaoiunguza kwa kupitisha kifundo juu ya ndimi za moto kwa nukta chache, lakini ni rahisi kuipika mbegu bila kujua, hivyo mimi napendelea kuikwangua kwa kisu au kuisugua kwenye jiwe. Vaa glovu au shika kwa kitambaa, kwa kuwa miiba ile huingia kwenye ngozi na kuwasha. Kisha kibane kifundo kwa koleo, kisimame kwa ukingo, upitishe ncha ya kisu imara kwenye mshono wake, ukizungusha kidogo kidogo mpaka kipasuke. Usikipige nyundo. Ukikipiga, utafungua ganda na kuvunja mbegu kwa pigo moja. Ndani utakuta mbegu ya kahawia inayong'aa, yenye umbo la figo, karibu sentimita moja. Vifundo vingine utavikuta vitupu au vyenye unga wa mdudu. Ni kawaida, ndiyo maana nakushauri ukusanye matunda mengi kuliko unavyodhani unahitaji.

Mbegu nzima, isiyo na kovu, ikwangue kidogo kwa msasa au ikate kwa kikata kucha upande ulio mbali na kitovu chake, yaani mbali na kile kidoa iliposhikilia tunda. Unataka ganda la nje tu lifunguke, weupe wa ndani uonekane kwa shida. Iloweke usiku kucha kwenye maji ya kawaida. Maji ya moto hayahitajiki, na kwa mbegu uliyokwisha kuitoa na kuikwangua yanaweza kuiua. Asubuhi zilizovimba zisie siku hiyohiyo, kina cha sentimita moja hadi mbili. Udongo ukiwa na unyevu na joto la Novemba, tarajia kuona kitu ndani ya wiki moja hadi tatu.

Matunda yakusanye kutoka mtini wakati huu wa kiangazi, yakiwa yamegeuka rangi ya nyasi kavu. Mninga huyashikilia matawini muda mrefu hata majani yakishapukutika, kwa hiyo utayaona kwa urahisi. Yale yaliyolala chini tangu mwaka jana yaache. Na chagua mama wa mbegu zako: mti ulionyooka, wenye shina refu kabla ya tawi la kwanza, usio na vidonda. Chukua kwenye miti kadhaa iliyo mbalimbali. Miti mirefu iliyonyooka ndiyo inayokatwa kwanza na wapasua mbao, inabaki iliyopinda kuendelea kuzaa, na mpandaji wa nyumbani anaweza kulirekebisha hilo kwa kuchagua vizuri tu. Kama kwenu haipatikani tena, Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) ana kituo cha mbegu za miti Morogoro. Ukiuliza, uliza pia mbegu zilikusanywa mkoa gani na lini.

Kuhusu kiriba au shambani moja kwa moja, msimamo wangu uko wazi: kwa mtu mwenye uwanja wake nyumbani, panda mbegu pale pale unapotaka mti usimame. Mzizi mkuu wa mninga huanza safari ya chini mapema sana. Kwenye kiriba kifupi hugonga kitako, hujikunja na kuzunguka, na mti wenye mzizi uliojisokota utakusumbua maisha yake yote. Ukilazimika kutumia viriba, labda kwa sababu ya kuku au kwa sababu eneo halijawa tayari, tafuta vile virefu, sentimita 30 au zaidi, vilivyo wazi chini, na uihamishe miche mapema katika msimu uleule wa mvua. Kung'oa mche wa mninga ardhini na kuuhamisha ukiwa na mzizi uliokatwa ni kuupa adhabu, kwani umeondoa hazina yenyewe.

Chimba shimo la kina cha mkono hata kama unapanda mbegu, kisha ulirudishie udongo uliolainika, mzizi upite bila kugonga gamba gumu. Udongo wa kichanga unaopitisha maji ndio unaoufaa, na kwenu haukosekani. Mbuga nyeusi inayofurika masika usiijaribu kabisa. Samadi nyingi siyo lazima. Mninga ni jamaa ya mikunde, mizizi yake hushirikiana na bakteria wanaokamata naitrojeni hewani, na pia na kuvu wa udongoni wanaousaidia kunyonya fosforasi. Viumbe hao inawezekana hawapo uani kwako kama palifyekwa na kulimwa miaka mingi. Nenda chini ya mninga mkubwa unaostawi, kwangua majani makavu, chota beseni moja la udongo wa juu pamoja na vijizizi vyake, uchanganye kidogo katika kila shimo. Ni hatua ndogo na haina gharama, nami siachi kuipendekeza.

Nije kwa jirani yako na matawi. Hasemi uongo. Kusini mwa Afrika watu wamepanda mninga kwa magogo ya matawi tangu zamani, hasa kwa uzio hai. Lakini tawi linalotumika siyo kijiti cha unene wa kidole. Ni gogo la unene wa sentimita 10 hivi na urefu wa mita mbili hadi tatu, linalokatwa mwishoni mwa kiangazi kabla mti haujaanza kuchipua, kisha kuachwa kivulini siku chache ili jeraha lifunge na ule utomvu mwekundu ukauke, ndipo likazikwa kwenye udongo wa kichanga. Vipandikizi vyembamba kwa kawaida huoza. Hata magogo yenyewe matokeo yake hayatabiriki. Lipo jambo moja la kuliangalia: gogo linaweza kuchipua majani mazuri kwa akiba iliyomo ndani yake, ukafurahi mpaka Januari, kumbe halijatoa hata mzizi mmoja. Akiba ikiisha, linanyauka. Kwa hiyo majani ya kwanza yasikuhakikishie kitu, wala usilitikise gogo kila wiki kulipima. Na gogo likishika, mti wake hauna ule mzizi mkuu unaoshuka wima kama wa mbegu. Kwa uzio ni sawa. Kwa mti unaotaka usimame wajukuu wako wauone, mimi nachagua mbegu. Isitoshe, ili kupata magogo kumi lazima ukate matawi makubwa kumi kwenye miti iliyo hai, na mininga iliyobaki kwenu nadhani imekatwa vya kutosha.

Sasa miche uliyonayo. Kazi ya kwanza fanya wiki hii: weka kigingi kirefu kando ya kila mche, shibiri moja kutoka kwenye kishina, ukipake chokaa au ukifunge kitambaa chekundu, na uwaambie wote wa nyumbani wanaoshika jembe. Pili, moto. Mninga mkubwa una gome nene linaloustahimili, lakini mche kila unapounguzwa ukiwa na majani umepoteza chakula cha msimu. Palilia mduara wa mita moja kuuzunguka kila mche, na fyeka ukanda wa mita tatu au nne upande ambao moto wa wasafisha mashamba hutokea. Matandazo ni mazuri msimu wa mvua, ila yaondoe kiangazi, yasije yakawa kuni juu ya kichwa cha mche. Tatu, mbuzi. Seng'enge au matawi ya miiba, vyovyote, lakini mbuzi asifike.

Ukiona mchwa wamejenga udongo kwenye vishina vikavu, usikimbilie sumu. Mara nyingi wanakula kilichokwisha kufa. Kata kishina kikavu sentimita mbili au tatu juu ya ardhi, ukitupe mbali, wakose sababu ya kuja.

Mvua zikianza, chipukizi zitatoka, pengine mbili au tatu shingoni mwa mzizi mmoja. Miaka ya mwanzo usizipunguze. Kila jani ni mpishi wa mzizi, na mzizi ndio unaoujenga sasa. Siku utakapoona kishina kimepita kiangazi kikiwa hai, hapo ndipo uchague kimoja kilichonyooka na kukata vingine. Palizi nayo isikosekane, kwa kuwa mninga unataka jua. Ukipanda mahindi yakaufunika, utakuwa umeunyima mwanga katika ile miezi michache unayouhitaji. Karanga au kunde katikati ya mistari ni sawa kabisa, na zinakupa sababu ya kupalilia. Nafasi ya mita tano kati ya mti na mti itafaa.

Je, uani bila moto, bila magugu na bila mbuzi, miaka ya kulala inapungua? Kwa ninavyoona, miche inayopata jua tele, palizi na ulinzi husimama mapema kuliko ile ya porini, ingawa sitakuahidi mwaka. Kwa hiyo usipime urefu. Pima unene wa kile kinachotoka shingoni kila Desemba. Kikiwa kinene kuliko cha mwaka uliopita, kazi inaendelea vizuri hata kama Julai kitakauka tena.

Vijana wako wasilaumiwe kwa kutaka mikaratusi. Nguzo na kuni zinahitajika leo, tena kwenye wilaya ya tumbaku ambayo kila bani, lile banda la kukaushia tumbaku kwa moto, linameza miti. Wapandie sehemu yao, mbali na mininga, isiwe upande unaotupa kivuli na kunyang'anyana maji nayo. Mninga wenyewe, waambie ukweli: mpaka kuwa gogo la kupasua mbao huchukua zaidi ya nusu karne, mara nyingi karibu karne. Katikati ya hapo utakupa kivuli, maua ya njano ambayo nyuki huyafuata sana kabla ya mvua kukolea, na majani ya mifugo. Fundi yeyote wa Tabora atawaeleza kwa nini watu huusubiri: mbao zake hazipindi wala kusinyaa hovyo zikikauka, na moyo wake hauliwi na wadudu kirahisi. Sifa hizo ndizo zilizoumaliza. Mwezi Novemba 2022, mkutano wa nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini, uliofanyika Panama uliiingiza jamii yote ya mininga ya Afrika katika Orodha ya Pili, yaani biashara yake ya kimataifa sasa inahitaji vibali. Hilo halikuzuii kupanda. Ila andikisha miti yako mapema kwenye ofisi ya kijiji, na umjulishe afisa misitu wa wilaya, ili siku ya kuvunwa pasiwe na ubishi kama ilipandwa au ilitoka porini.

Mwisho, ratiba yako. Sasa hivi weka vigingi, fyeka ukanda wa moto, kusanya matunda mapya. Oktoba toa mbegu, lakini usizikwangue wala kuziloweka mpaka mvua ishike kweli, maana zikishalowekwa hazirudi ghalani. Novemba au Desemba, baada ya mvua mbili tatu kubwa, sia kwenye nafasi zilizobaki wazi, mbegu tatu kwa kila shimo. Miche yako ya mwaka jana ipe hadi mwisho wa Januari, kwa kuwa mingine huchelewa kuamka. Ule utakaokuwa bado haujatoa kitu, fukua uone mzizi. Ukiwa umeoza, uondoe na usie mbegu mpya papo hapo, ili nayo ipate angalau miezi miwili ya mvua kujaza mzizi wake kabla ya kiangazi.